Bao: ubao upi, na nyumba isafiri lini?

Mavuno yakishaingia ndani na shamba likipumzika, huja majira ya baraza. Jua la alasiri likipungua ukali, wazee hukusanyika chini ya mwembe, ubao wa bao ukiwa katikati, na vijana wakisimama nyuma yao kutazama. Ndivyo ilivyo katika miji mingi ya bara na pwani, na wilaya ya Kilosa haikuachwa nyuma.

Makala ya wiki hii tunaielekeza kwa wale wanaofikiria kuligeuza baraza hilo kuwa mashindano ya kirafiki, watu wa Kilosa mjini kwa upande mmoja na watu wa Mikumi kwa upande wa pili. Ni wazo jema, nalo linawezekana bila ya gharama kubwa. Lakini mashindano ya namna hii huharibika kwa mambo mawili ambayo waandaaji huyadharau: ubao upi utumike, na wakati upi wa kutenda. Mambo hayo mawili humhusu mwandaaji, na humhusu vilevile mchezaji mwenyewe anapoinamia kete zake.

Kwa nini tunalizungumza

Bao si mchezo wa kupoteza muda kwa wasio na kazi. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kulipenda. Katika michezo ya wafanyakazi ya Mei Mosi bao huchezwa sambamba na kuvuta kamba na netiboli, na mwaka 2023 sherehe za Mei Mosi kitaifa zilifanyika hapa hapa mkoani Morogoro. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliishi na mabingwa wa Zanzibar akiwauliza na kuwapima, na mwaka 1995 akatoa tasnifu yake huko Leiden juu ya ubingwa wa bao. Kilichomvuta ni ule uwezo wa mtu kuona kichwani mzunguko mrefu wa kete kabla mkono haujagusa shimo hata moja.

Huo ndio uwezo tunaoutaka kwa watoto wetu: kutazama mbali kabla ya kutenda. Nao leo unashindana na kitu kingine. Kijana wa Mikumi au Kilosa ana simu mkononi, na ndani ya simu mna mikeka ya kubeti inayomwita kila saa. Katika mkeka hakuna anachokiamua yeye, kwani mpira unachezwa na watu wengine, katika nchi nyingine. Fedha yake imekwenda, naye anabaki kungojea. Mzazi anayemwambia mwanawe aache bila ya kumpa mahali pengine pa kukaa na jambo lingine la kulipigania, amefanya nusu ya kazi.

Ubao upi

Mikumi ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa inapita hapo baada ya kukata mbuga iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Iko njia ya kwenda Kidatu na Ifakara, na iko ya kwenda Kilosa. Kilosa nayo ni mji wa reli tangu enzi za utawala wa Mjerumani, na mashamba ya mkonge yaliwaleta watu kutoka kila upande. Miji ya namna hii hukusanya watu wenye mazoea mbalimbali, na kila mmoja huja na bao la kwao. Ukiwakalisha watu wawili mbele ya ubao mmoja bila ya kukubaliana kanuni, mchezo utakwisha kwa ugomvi kabla ya kete kwisha.

Basi jambo la kwanza ni kuchagua baina ya bao la kujifunza na bao la Kiswahili lenyewe. Ubao ni ule ule: mistari minne ya mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Kinachotofautiana ni mpangilio wa mwanzo.

Katika bao la kujifunza, kila shimo huwekwa kete 2. Hakuna kete zinazobaki mkononi. Mchezo huanza mara moja, na mtoto wa miaka 9 au 10 aweza kuufuata kwa mchana mmoja.

Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huweka kete 6 katika nyumba, nayo ni shimo la tano kutoka kushoto kwake katika mstari wa mbele, ambalo mafundi hulichonga kwa umbo la mraba. Kisha huweka kete 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kulia kwa nyumba. Hizo ni 10. Kete 22 zinabaki akiba, na kila zamu mchezaji huingiza moja. Hatua hii huitwa namua. Akiba ikiisha, ndipo hatua ya mtaji inapoingia, na kete zinachezwa zilizomo ubaoni tu.

Ushauri wetu kwa waandaaji ni kutumia yote mawili, lakini kwa makundi tofauti. Watoto na wanaojifunza, wakiwemo mabinti na kina mama wanaotaka kulijua bao nyumbani, wapewe bao la kujifunza. Watu wazima waliokomaa wacheze la Kiswahili. Kumtia mwanafunzi katika namua siku ya kwanza ni kumvunja moyo. Na kumpa fundi bao la kujifunza ni kumnyima nyumba, ambayo ndiyo kitovu cha maamuzi yake yote.

Pili, mbao zenyewe. Zichunguzwe siku moja kabla. Mashimo yawe na kina kinacholingana, na kete ziwe za aina moja, komwe kwa komwe. Shimo lisilo na kina humwaga kete, na kete iliyomwagika huzaa ubishi. Kanuni ziandikwe katika karatasi moja na zisomwe kwa sauti mbele ya wote. Anayeweza kula lazima ale. Kete iliyokwisha kuachiwa shimoni hairudishwi. Mtazamaji hasemi neno. Hili la mwisho ni zito kuliko mengine, kwani nusu ya ugomvi wa barazani huletwa na wasiocheza.

Kete ya kwanza

Sasa tumgeukie mchezaji. Hesabu mashimo yako ya mbele kutoka kushoto, 1 hadi 8. Nyumba yako ni shimo la 5, na kete zako nyingine ziko katika la 6 na la 7. Mwenzako naye amepanga hivyo hivyo kutoka kushoto kwake, kwa hiyo nyumba yake inalikabili shimo lako la 4, na kete zake nyingine zinalikabili la 3 na la 2. Hakuna kete inayotazamana na kete. Anayeanza hawezi kula. Lazima atakase, yaani azungushe kete bila ya kula.

Hapo hapo pana njia mbili. Ya kwanza ni ya kujificha: ingiza kete katika shimo la 7, uchukue zote 3 uzipande kuelekea kulia. Moja itaingia shimo la 8 na mbili zitakwenda mstari wa nyuma. Hukumgusa mtu, na hakuna anayeweza kukugusa. Mwenzako naye itambidi atakase.

Ya pili ni ya kuthubutu: ingiza kete katika shimo la 6, uchukue 3 uzipande kushoto. Moja itaongeza nyumba yako iwe na 7, moja itakaa shimo la 4, na moja itaangukia shimo la 3, ambalo ni tupu, na hapo zamu yako imelala. Sasa una kete moja mbele ya nyumba yake. Umejiweka mahali pa kuliwa, lakini umemlazimisha achague. Akila kete yako ya shimo la 3, ile ya shimo la 4 itabaki, na zamu yako utaongeza moja hapo na kuila nyumba yake nzima, kete 6 kwa mkupuo. Kwa hiyo mtu mwenye akili ataila ile ya shimo la 4 kwa kutumia nyumba yake mwenyewe, na kete moja aliyoipata ataiweka katika kichwa, yaani shimo la mwisho la kulia au la kushoto.

Zamu imerudi kwako. Kete yako ya shimo la 3 inazikabili kete zake 2. Utakula, na hapa ndipo penye somo. Kete ulizokula hupandwa kuanzia kichwani, na kwa kuwa shimo la 3 haliko ukingoni, una hiari ya upande. Ukianzia kichwa cha kushoto, kete 2 zitaingia la 1 na la 2, na zamu italala. Ukianzia kulia, zitaingia la 8 na la 7. La 7 lilikuwa na 2, sasa ni 3, utazichukua na kuendelea: moja shimo la 6, moja nyumbani, moja shimo la 4. Nyumba yako imefika kete 8, na tishio mbele ya nyumba yake limerudi pale pale. Ulikula kete zile zile, lakini upande uliouchagua umekupa mchezo mwingine kabisa.

Mchezaji mgeni huuliza, "Nile kipi?" Aliyekomaa huuliza, "Nikishakula, nielekee wapi?" Atakayeliweka swali hilo la pili mbele katika kila zamu atapiga hatua kubwa kabla ya siku ya mashindano.

Nyumba isafiri lini

Uamuzi mgumu kuliko yote ni wa nyumba. Kanuni ni hii: katika namua, zamu ya kula inapoishia kwa kete ya mwisho kuingia nyumbani, na shimo linalokabili nyumba likiwa tupu, mchezaji ana hiari. Anaweza kulala hapo, nyumba ibaki na kete zake. Au anaweza kuipeleka safari: azichukue zote na kuzipanda kuzunguka. Nyumba husafiri mara moja tu. Ikishaondoka, shimo lile ni shimo kama mengine, na hiari ile hairudi.

Wanaoanza hukosea pande zote mbili. Wako wanaosafiri mara ya kwanza wanapopata nafasi, nyumba ikiwa na kete 7 au 8. Safari inakuwa fupi, kete zinatawanyika mojamoja, na zamu chache baadaye wanatakasa bila ya nguvu. Wako wengine wanaoing'ang'ania mpaka ifike kete 14 au 15, wakiona fahari kuitazama inavyojaa, hata siku adui anapoweka kete moja mbele yake na kuila yote. Hasara hiyo ni kubwa, kwani kete ulizonyang'anywa zinazunguka upande wa adui na kukushambulia nazo.

Basi tuangalie mambo matatu kabla ya kuamua. La kwanza, je, nyumba iko hatarini katika zamu ijayo? Tazama shimo la adui linalokabili nyumba yako. Likiwa na kete hata moja, anaweza kula. Likiwa tupu, uliza kama mzunguko wake wowote unaweza kulifikishia kete.

La pili, safari itaishia wapi? Hili huhesabiwa, halibahatishwi. Nyumba yenye kete 12 ikielekea kushoto, 4 zitaingia mstari wa mbele, na 8 zitajaza mstari wa nyuma wote, ya mwisho ikiangukia kona ya kulia. Ikiwa kona hiyo ni tupu, safari imelala hapo bila ya kula. Yenye kete 15 itazunguka kona hiyo na kuishia shimo la 6 la mbele, mahali panapoweza kula. Tofauti ya kete 3 imeamua kama safari ni ya faida au ya hasara.

La tatu, akiba imebaki ngapi? Mwenye kete nyingi mkononi aweza kungoja, kwani kila zamu atakuwa na cha kuingiza. Aliyebakiwa na kete chache anakaribia mtaji, na lazima ajiulize mbele yake kuna nini, kwa sababu katika mtaji shimo lenye kete moja haliwezi kuchezwa, na mstari wa mbele ukiwa mtupu mchezo umekwisha.

Mkulima wa Kimamba au Rudewa anaijua hesabu hii hata kama hajapata kushika komwe. Mahindi yakiwa mapya bei huwa chini, na anayeuza yote siku hiyo amesafiri mapema. Anayeyaweka ghalani akingoja bei ipande bila ya kutazama wadudu, unyevu na ada ya shule inayokaribia, naye ameing'ang'ania nyumba mpaka imeliwa. Wote wawili wangefaidika kwa kuhesabu mapema kile walicho nacho, kile kinachokuja, na kile kinachoweza kuwapata.

Siku na saa

Turudi kwa waandaaji. Kilosa iko kando ya Mto Mkondoa, na mafuriko yake wenyeji wanayakumbuka. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliharibu makazi na reli. Masika si wakati wa kuwasafirisha wazee na watoto baina ya Kilosa na Mikumi kwa ajili ya mchezo. Miezi mikavu, kuanzia Julai hadi Septemba, inafaa zaidi, kwani njia zinapitika na mavuno yameshaingia. Ijumaa iachwe kwa Ijumaa, Jumamosi inatosha.

Tuseme wachezaji ni 8, na kila mmoja anakutana na kila mmoja. Hiyo ni michezo 28. Mkiwa na mbao 4, ni raundi 7. Mkiweka dakika 40 kwa raundi na kuanza saa 3:00 asubuhi, raundi 5 zitakwisha saa 6:20 mchana, na Adhuhuri huingia muda mfupi baada ya saa 6 na nusu. Watu wataswali, watakula, watapumzika. Mkianza tena saa 8:00, raundi 2 zilizobaki zitakwisha saa 9:20, na zawadi zitatolewa kabla ya Alasiri. Mtoano ungekwisha haraka zaidi, kwani ni michezo 7 tu, lakini nusu ya waliosafiri wangecheza bao moja na kukaa. Aliyetoka Mikumi alfajiri hastahili kurudi kwao kabla ya mchana.

Dakika 40 zina hatari yake. Ikitangazwa kwamba muda ukiisha atashinda mwenye kete nyingi, aliyetangulia atakaa akifikiri kila zamu hadi muda umwishie mwenzake. Dawa yake ni kuweka pia kikomo cha zamu, mathalani dakika 2, na mwamuzi mwenye saa. Na anayeanza apangwe mapema katika ratiba, ili kila mmoja aanze mara 3 au 4 katika raundi 7.

Fedha

Liko jambo moja linaloweza kuyageuza mashindano haya kuwa kitu kingine kabisa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, walipozungumzia michezo ya ubao, walitofautisha baina ya mchezo unaosimama juu ya hesabu na fikra, na ule wa kurusha na kubahatisha kama nardi. Sataranji wengi wao waliiona makruhu, maadamu haikuambatana na kamari wala haikupitisha swala, na madhehebu mengine yalikuwa makali zaidi. Mwenye shaka juu ya bao amwendee shekhe wa mtaa wake. Lakini juu ya kamari hakuna shaka. Surat Al-Maida, katika aya ya 90 na ya 91, imeitaja pamoja na pombe, na imeeleza kwamba huleta uadui na huzuia watu na swala.

Kamari haiji na bango. Huanza kwa mtu kusema kila mchezaji atoe shilingi 5,000, na mshindi achukue zote. Maana yake kila aliyekaa pale ama atapata cha mwenzake ama atapoteza chake, na hiyo ndiyo sura ya kamari. Kisha watazamaji nao huanza kuwekeana. Mkifika hapo, mmempa kijana mkeka ule ule mliotaka kumwondoa, safari hii mbele ya baba yake. Basi mchezaji asitoe fedha ya kushindania. Gharama za chai na nauli zichangwe na baraza au na mwenye uwezo asiyecheza, na zawadi, kama ipo, itoke kwake kwa ridhaa yake baada ya kumwuliza shekhe: ubao mpya wa mninga, mathalani, utakaobaki barazani kwa mshindi hadi mwaka ujao.

Kwa mzazi

Mashindano ni siku moja, na mafunzo ni miezi. Mzazi aliye na ubao nyumbani autoe jioni, aanze na mwanawe kwa bao la kujifunza, na amwache akosee. Asimwambie apande wapi. Amwulize tu, kabla ya mkono kushuka, kete ya mwisho itaangukia shimo gani. Mtoto akikosea, ahesabiwe tena polepole; akipatia, aulizwe na zamu ya adui itakuwaje. Na adhana ikisikika, kete ziachwe kama zilivyo ubaoni. Hazitakwenda popote, na mtoto atajifunza kwamba kuna mambo ambayo wakati wake haungojewi na mchezo.

Wallahu a'lam.